Foklifti ya zamani haina kibati, spea zinanigomea. Naombeni msaada wakuu

Mgosi wa Korogwe

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa mwenye uzoefu na foklifti za kizamani, nimekwama.

Nina kiwanja cha mbao hapa Korogwe. Mwaka jana shamba moja la mkonge lilipiga mnada chuma chakavu, nikachukua foklifti iliyokuwa imelala nyuma ya ghala. Wenzangu pale mnadani walikuwa wanaitaka kwa kilo, waende kuikata. Mimi naijua mashine hii. Marehemu baba alikuwa karani wa ghala hilo, na utotoni nikimpelekea chakula cha mchana nilikuwa naikuta inapanga marobota, kilo 250 kila moja, hadi karibu na paa. Sikuweza kuiacha ikatwe.

Injini ni dizeli, silinda nne, inawaka asubuhi bila shida. Shida iko mbele. Nikinyanyua mbao na kuachia liva, meno (vile vyuma viwili vya mbele vinavyobeba mzigo) yanashuka yenyewe taratibu, na oili inachuruzika pale juu ya silinda ya kunyanyulia. Nilifungua nikatoa sili ya zamani (mpira unaozuia oili isitoke), nikaenda nayo dukani mjini. Muuzaji akailinganisha kwa macho na nyingine, akanipa. Ilidumu siku mbili. Nikarudi, nikanunua tena, siku tatu. Mdomo wa sili umechanika pande zote kama umepitiwa na wembe.

Kila duka swali la kwanza ni "foklifti gani?" Sina jibu. Kibati cha namba hakipo, yamebaki matundu manne tu. Rangi imepakwa mara tatu: juu nyekundu, chini yake kijani, ukikwangua zaidi unakuta njano. Naijuaje ni mashine gani, na spea nazipata wapi?

SpanaMkononi

Mkuu pole. Kwanza usiende tena dukani na sili ya zamani. Mpira uliokaa kwenye oili miaka yote hiyo umevimba au umesinyaa, vipimo vyake vinakudanganya. Pima rodi yenyewe (chuma kinachotoka ndani ya silinda) kwa venia, kile kipimo cha kubana, sehemu inayong'aa isiyoliwa na kutu. Pima kipenyo cha tundu sili inamokaa, kisha kina cha tundu hilo. Leta vipimo hivyo vitatu hapa.

Pili, tuambie spana zipi zinakaa kwenye bolti za mlingoti (nguzo za mbele ambamo meno hupanda na kushuka). Za milimita au za inchi?

BintiMakanika

Naongezea. Safisha ubavu wa bloku (mwili wa injini) kwa dizeli na brashi ya waya, namba ya injini imegongwa kwenye chuma chenyewe. Kibati kinang'oka ila namba iliyogongwa inabaki. Iandike yote, herufi na tarakimu, usiruke hata moja.

Mzee wa Gati

Kijana, nimefanya kazi ya karakana bandarini miaka mingi, mashine za aina hiyo zimepita mikononi mwangu. Njano peke yake isikupe jina. Caterpillar ni njano, nyingine nyingi ni njano, na mashamba yalikuwa yanapaka rangi yoyote iliyopo stoo. Fanya mambo mawili. Sugua ule uzito mkubwa wa chuma ulioko nyuma, mara nyingi jina lilikuwa pale. Kisha fungua bati la sakafu anapokanyaga dereva, uangalie fremu upande wa kulia, mbele. Kama ni ya kampuni ya Hyster, namba ya mashine imegongwa hapo pia, siyo kwenye kibati tu.

Mgosi wa Korogwe

Shikamoo Mzee wa Gati. Asanteni wote. Leo sikufungua kiwanja, nimeshinda chini ya mashine na kijana wangu.

Rodi inasoma milimita 50.8. Nimepima mara tano sehemu tofauti, ni 50.8. Sili niliyouziwa imeandikwa 50.

Spana: 19 inakaa vizuri, kwa hiyo nadhani ni milimita. Ila kuna bolti ndogo 14 haiingii, 15 inacheza.

Injini namba inaanza na LD, katikati kuna U, inaishia na F. Nyuma nilipokwangua rangi nimekuta kivuli cha herufi, Y S T zinasomeka vizuri. Na chini ya bati la sakafu namba ipo! Ilikuwa imejaa grisi iliyoganda. Herufi ya mwisho ni Z.

SpanaMkononi

Umejijibu mwenyewe mkuu. 50.8 ni inchi mbili kamili. Mwenye duka alikupa sili ya milimita 50 kwenye rodi ya inchi 2, ukaisukuma kwa nguvu ikaingia, mdomo ukatanuka kupita kiasi, oili ilipopata moto na presha ukapasuka. Milimita 0.8 huioni kwa jicho, ila sili inaiona.

Na 19 usiiamini hata siku moja. Robo tatu ya inchi ni 19.05, spana ya 19 itakaa na utaona ni milimita. Kipimo cha kweli ni hizo bolti ndogo. Jaribu 9/16, ni milimita 14.3, itakaa yenyewe. Mashine yako ni ya inchi kuanzia mbele hadi nyuma. Beringi hazina shida hiyo, kwani nyingi namba imeandikwa ubavuni mwake. Ukitaja namba dukani hakuna atakayekuuliza ni ya foklifti gani.

BintiMakanika

LD ni injini ya kampuni ya Perkins, aina ya 4.236. Ujazo wake ni inchi za ujazo 236, karibu lita 3.9, tundu la silinda milimita 98.4. U maana yake imeundwa Uingereza. Herufi ya mwisho ni mwaka: walianza na A mwaka 1974, kwa hiyo F ni 1979.

Kwa injini umepata bahati kubwa. Massey Ferguson 265 ilikuja na injini ya familia hiyo hiyo, na matrekta hayo yamejaa nchi nzima. Pistoni, ringi, beringi za krenki, gasketi ya silinda hedi, vyote utapata kwa wauza spea za matrekta kwa bei ya trekta. Lakini shika neno langu: usinunue kitu cha nje ya injini kwa kigezo cha trekta. Sampu (bakuli la oili la chini), nyumba ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), manifoldi (mabomba ya hewa na moshi) na vishikio vya kufungia injini hubadilika kufuatana na mashine ilikofungwa. Ndiyo maana katikati ya ile namba, baada ya LD, kuna tarakimu za orodha ya uundaji. Mpe muuzaji namba nzima. Pampu ya nozeli (inayosukuma dizeli kwenye injini) nayo ina kibati chake kidogo, soma namba yake kivyake, usiihusishe na injini.

Mzee wa Gati

Marahaba. Hizo Y S T ni Hyster, na namba umeikuta mahali pake. Kwa Hyster herufi ya mwisho ni mwaka. Hawatumii I, O wala Q, wakifika Z wanarudi A. Z yako ni 1979, maana A iliyofuata ilikuwa 1980. Injini 1979, fremu 1979, basi huenda hiyo injini haijabadilishwa tangu itoke kiwandani. Nimefurahi kusikia, mashine zilizobaki na injini yake ni chache.

Zile herufi na tarakimu za mwanzo kabisa ndizo zinazotaja aina na toleo. Usizitupe. Anayeuza kitabu cha spea atakuuliza hizo kwanza, kabla ya mwaka.

Duka Kwanza

Mkuu mimi nitatofautiana na wenzangu. Wewe ni mfanyabiashara, muda ni pesa. Uza hicho chuma utafute Toyota iliyotumika. Mfano ukiona 02-5FD25 unaelewa moja kwa moja: 5 ni kizazi, F foklifti, D dizeli, 25 tani mbili na nusu. Spea kila kona, hakuna kuhangaika na herufi za mwaka 1979.

Mgosi wa Korogwe

Nimekuelewa mkuu, na siku nitakayopata mtaji nitaongeza Toyota. Lakini hii siuzi. Ina nguvu, inawaka, na kilichoiangusha ni sili ya bei ndogo iliyokosewa kipimo. Ningekuwa na hiyo venia siku ya kwanza ningekuwa nimemaliza zamani.

Mpemba wa Maskati

Assalaam alaykum. Mimi niko Maskati, tunahudumia mashine za maghala. Jina la Hyster likusaidie kupata kitabu, lakini dukani usiende na jina. Mtengenezaji hakutengeneza kila kitu mwenyewe. Beringi, sili, mnyororo, starta, pampu, breki, kila kimoja kina kiwanda chake na namba yake. Ukitaja foklifti ya 1979 muuzaji atakwambia haipo. Ukitaja sili ya inchi 2 kwa 2½ kwa 3/8, atafungua droo. (Hivyo viwili vya mwisho pima mwenyewe, mimi natoa mfano.)

Vitu ambavyo ni vya Hyster peke yake, kama rola za mlingoti, vitu vya giaboksi, bushi za ekseli ya usukani, tafuta kwa namba ya kitabu. TVH ya Waregem, Ubelgiji, wanauza spea za foklifti za kila jina, na wakala wa Hyster anaweza kukuangalizia kwa namba ya fremu. Zilizotumika zipo Sharjah kwenye maeneo ya viwanda, ila mtume mtu mwenye venia, siyo mwenye picha ya simu.

Jambo la breki. Kabla hujaongeza mafuta, jua kwanza zinatumia nini. Foklifti nyingine za zamani breki zake ni za oili ya madini, nyingine ni mafuta ya kawaida ya breki. Ukichanganya, raba zote zinavimba ndani ya siku chache na magurudumu yanakamata. Jirani yangu wa karakana alibadilisha silinda zote za breki kwa kosa hilo.

Kamwana wa Nakuru

Boss, hongera kwa kuokoa hiyo mashine. Mimi hufanya service ya foklifti za godauni huku Nakuru, na nina wasiwasi na kitu ambacho bado hujataja: mnyororo na meno.

Mnyororo upime ukiwa umebeba uzito kidogo ili unyooke, na upime ile sehemu inayopita juu ya rola, hapo ndipo huisha kwanza. Kama ni wa robo tatu ya inchi kutoka pini hadi pini, hesabu nafasi 16 kati ya pini. Mpya ni milimita 304.8. Ukifika 314 umeongezeka asilimia 3, unatolewa wote, pande zote mbili. Usikate kipande ukaunganisha.

Meno nayo yapime unene pale kwenye kona ya chini, linganisha na sehemu ya juu ya wima ambayo haisuguliwi na sakafu. Jino likipungua asilimia 10, linatoka. Na usimruhusu fundi wa kuchomelea kuyagusa, hata kama anakuapia.

Halafu pima kimo cha kile kibao cha chuma yanakoning'inia hayo meno, ukingo wa juu hadi ukingo wa chini. Milimita 407 ni ya mashine za hadi tani 2.5. 508 ni ya juu ya hapo hadi karibu tani 5.

Mgosi wa Korogwe

Ni 508. Kwa hiyo ninaweza kubeba tani 5?

Mzee wa Gati

Hapana mwanangu. Hicho kipimo kinakwambia meno gani yanaingia, hakikwambii mashine yako inabeba kiasi gani. Uwezo unatokana na uzito wa nyuma, urefu wa mlingoti na umbali wa kitovu cha mzigo kutoka sehemu ya wima ya meno. Tafuta uwezo halisi kwa namba ya fremu, uchongeshe kibati kipya, ukibandike pale anapokiona dereva. OSHA, wakala wa usalama mahali pa kazi, wakija kukagua vifaa vya kunyanyulia ndicho watakachouliza, na kijana wako naye ana haki ya kujua anabeba nini. Mpaka ukipate, beba mbao nusu ya ulizozoea.

Na unapofungua silinda, shusha meno yakae chini kabisa kwanza. Kama lazima yawe juu, funga mlingoti kwa mnyororo na uweke magogo mawili chini. Liva isiaminiwe. Nimezika rafiki kwa ajili ya silinda iliyofunguliwa meno yakiwa juu.

Mgosi wa Korogwe

Poleni sana mzee. Nimemsomea kijana wangu maneno hayo mara mbili.

Mrejesho: nimepima tundu, ni 63.5, kina 9.6. Nimepiga simu Dar, Gerezani, nikataja inchi 2 kwa 2½ kwa 3/8. Hakuniuliza foklifti gani. Ameniambia anazo mbili, zinapanda basi kesho asubuhi.

SpanaMkononi

Safi. Kabla ya kuivisha, pitisha kidole juu ya rodi yote. Ukihisi mkwaruzo unaokamata ukucha, isugue kwanza kwa msasa laini wenye oili, kwa kuzunguka, siyo kwa kupanda na kushuka. Na pale kwenye uzi wa mwisho wa rodi zungushia karatasi ngumu, sili ipite juu yake bila kukwaruzwa. Kama baada ya hapo hakuna tone linalotoka juu na meno bado yanashuka, basi oili inarudi kupitia valvu. Rudi hapa utuambie.