Mrejesho: kambi ya kushona viraka Kigamboni

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nibebe nini kwenye kambi ya siku tatu ya washonaji wa mifarishi ya viraka. Ahsanteni sana. Aliyesema nifue vitenge vyote na kuvipiga pasi kabla ya kukata, Mungu akubariki: vipande vilikutana pembe kwa pembe. Ule ushauri wa kuloweka kwenye chumvi ili rangi isichuje, hapana. Khanga nyekundu ya Kariakoo ililala kwenye maji ya chumvi usiku kucha, nilipoinyunyizia maji nipige pasi ikachuja, kiraka cheupe cha pembeni kikawa pinki. Nimekifumua. Cherehani ya mkono niliivusha kwa pantoni, mgongo naujua mwenyewe, ila umeme ulipokatika nilishona peke yangu. Mfarishi haujaisha, umebaki pindo.