Kope ya Yusufu

Mama Yusufu: Shikamooni wazee wetu. Yusufu ameng'atwa na mbwa mchana huu, na kope yake ya chini imechanika upande wa puani. Amesafishwa kidonda na kuchomwa sindano ya pepopunda na ya kichaa cha mbwa, lakini tabibu amekataa kumshona, akasema kesho asubuhi tumwone daktari wa macho. Je, kidonda kidogo namna hii kinahitaji hayo yote?

Shangazi Halima: Marahaba mwanangu, poleni sana. Tabibu huyo amefanya jambo la maana. Karibu na pua kila kope ina kitundu, na hapo huanza mfereji mwembamba, wa milimita 10 hivi, unaopeleka machozi kwenye kifuko chake na hatimaye puani. Ndiyo maana mtu akilia hutokwa na kamasi. Ngozi ikishonwa bila mfereji kuunganishwa, kidonda kitapona vizuri kwa nje, lakini jicho huenda likabaki likitiririka machozi, na kovu likishakomaa kazi ya kulirekebisha huwa ngumu zaidi.

Baba Mdogo Idi: Shikamoo dada. Watajuaje kwamba mfereji umekatika?

Shangazi Halima: Marahaba. Baada ya kuhakikisha kwamba jicho lenyewe ni zima, daktari hupitisha kijiti chembamba cha chuma katika kile kitundu, na ncha yake ikitokeza kidondani, jibu limepatikana. Mtoto hupewa dawa ya usingizi, kisha daktari hutafuta kwa hadubini ncha ya pili ya mfereji, ambayo huonekana kama kipete cheupe kinachong'aa ndani ya nyama nyekundu. Nimesimama katika chumba cha upasuaji mara nyingi nikiona kwamba kuipata ndiko kunakohitaji subira kuliko kushona kwenyewe. Hupitishwa mrija laini wa silikoni katika pande zote mbili, nao huachwa humo kwa miezi kadhaa, ili mfereji upone ukiwa wazi.

Mama Yusufu: Kungoja hadi kesho hakutamdhuru?

Shangazi Halima: Hapana, kwa kuwa mfereji huunganishwa vizuri ndani ya saa 48. Asifikiche jicho, na asubuhi asile kabla ya kuwauliza hospitalini. Ulizeni pia kama alidungwa kingamwili ya kichaa cha mbwa, yaani kinga iliyo tayari, tofauti na chanjo, kwenye kidonda chenyewe, maana kung'atwa usoni ni hatari kubwa, na sindano zilizobaki mzikamilishe zote. Baada ya upasuaji, mkiona kitanzi cha mrija kimejitokeza kwenye kona ya jicho, msikivute wala kukikata. Kibandikeni kwa plasta shavuni na mrudi kwa daktari siku hiyo hiyo.

Baba Mdogo Idi: Nitawapitia alfajiri kwa gari, shemeji.