Naomba ushauri: kwenda kutazama radi usiku visiwani Ssese

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nipo Kampala. Shemeji yangu wa Mombasa anakuja Aprili. Ni mpiga picha, na ndoto yake ni Catatumbo, kule Ziwa Maracaibo, Venezuela, ambako radi hupiga usiku mwingi wa mwaka. Nauli ya huko hana. Nikamwambia, kwani ziwa letu Victoria lina kasoro gani? Mchana mawingu huumuka nchi kavu. Usiku pepo za bara hushuka kutoka pande zote, zikakutana juu ya maji yenye joto, basi mbingu inapasuka.

Mwaka jana nililala Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ssese, humo humo ziwani. Saa tisa usiku dirisha likawaka jeupe, nikaona hata mafundo ya nyavu zilizoanikwa nje. Ngurumo ilipofika, kikombe kilitembea mezani.

Sasa, upande gani wa Bugala unaonyesha ziwa vizuri usiku? Na nyumba ipi ya wageni ina kinga ya radi ya kweli, waya uliozikwa ardhini, si mabati matupu? Sijasahau Kiryandongo, huku huku Uganda, 2011: wanafunzi 18 na mwalimu wao waliuawa na radi wakiwa shuleni. Feri ya kwenda Bugala kutoka Nakiwogo, Entebbe, naijua, ila kuna aliyepita feri ya Bukakata, upande wa Masaka, na gari msimu wa mvua?

Halafu shemeji anataka kusimamisha kamera ufukweni, mahali pa wazi. Nimekataa, amenuna. Nimwambieje anielewe? Mtumbwi usiku sitaki hata kuusikia.