Mjadala: App ya mkopo imemtangaza mdogo wangu tapeli. TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania) na kampuni za simu wanawajibika wapi?

Mama Sele, Mbeya
Wadau, nina uchungu. Mdogo wangu ana genge la mboga hapa Soweto. Alikopa 50,000 kwenye app moja, zikaingia 34,000, arudishe 50,000 ndani ya siku saba. Siku ya nane asubuhi, ile picha waliyomtaka ajipige ameshika kitambulisho cha NIDA imetumwa kwa namba zote zilizomo kwenye simu yake, imeandikwa TAPELI kwa nyekundu. Baba mkwe kaipata. Mchungaji kaipata. Hata muuza mkaa aliyeseviwa "Mkaa" kaipata. Polisi wametupa RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yetu, tunasubiri. Namba iliyotuma picha tuliituma 15040, kwa kuripoti matapeli, kesho yake wakaja na nyingine. Benki Kuu (BoT) ilishatoa orodha ya app 69 zisizo na leseni Novemba 2024, na hii imo. Mbona bado inafunguka?

Wakili wa Mtaani
Pole sana dada. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haimlazimishi mtoa huduma kuchungulia kinachopita kwake. Wajibu unaanza akishapewa taarifa. Andikeni barua rasmi, muiambatanishe na RB. Simu za kulalamika hazimbani mtu.

Chuma cha Pua
Mnazunguka sana. Deni alikopa nani? Alipe, picha zitakoma.

Msema Kweli
X (zamani Twitter) ilifungwa Mei 2025, nchi nzima tukalala tukaamka haifunguki. Waziri akasema ni kwa ajili ya picha za ngono. Kwa hiyo uwezo wa kufunga upo. App 69 zimeshatajwa kwa majina. Naomba mtu anijibu hapo.

Mama Sele, Mbeya
Chuma, KALIPA! Kalipa 50,000 siku ya tisa na 12,000 ya "faini" juu, risiti ya muamala ninayo. Picha zikaendelea siku tatu. Wewe unajua nini kuhusu mtu anayeamka saa kumi alfajiri kufuata nyanya? Umeniudhi sana.

Bint Kisauni
Chuma umekosa adabu. Huku Kenya, Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo karibu shilingi milioni tatu kwa kusumbua watu ambao hata hawakukopa, namba zao zilichotwa tu kwenye simu za wakopaji. Lakini jihadharini mnapoomba serikali ifunge. Telegram ilizimwa kwetu Novemba 2023 na tena Novemba 2024, ati mitihani ya KCSE inavuja. Mimi wateja wangu wa mitumba wako huko. Bale nimelifungua, picha nimepiga, hakuna wa kumtumia. Nilikosa nini mimi?

Chuma cha Pua
Adabu ninayo. Nina duka Tabata, daftari langu la madeni linasoma 412,000. Kuna mama kachukua unga na mafuta tangu Machi, siku hizi anapita njia ya nyuma. Nikibandika jina lake ukutani, mimi ndiye mhalifu? Mnamtetea mkopaji tu, mkopeshaji hana mwenyewe.

Mwl. Kibondo
Chuma ana hoja. Watu hawalipi. Mimi nilimdhamini mwenzangu kwenye SACCOS, makato yakaja kwangu miezi mitano.

Bint Kisauni
Ukuta wa duka lako hausomwi na baba mkwe wa mtu aliyeko mkoa mwingine! Huyo anakuja kununua sukari, anajua habari nzima. Hiyo picha imefika kwa watu wasiojua kama ni elfu hamsini au milioni hamsini.

Fundi Minara
Nafanya kazi upande wa mitambo, niseme ninachokijua. Mtandao unaona simu yako imezungumza na seva gani na imetumia MB ngapi. Ujumbe wa WhatsApp wenyewe umefungwa kwa msimbo toka simu hadi simu, hatuoni kitu. App hizi nyingi zinaletwa kwa linki, faili la APK unalopakua nje ya duka la app; ukifunga anwani moja wanahamia nyingine jioni hiyo hiyo. Lakini laini ni zetu. Hapo hatuna pa kujificha. Kila namba iliyomtukana mdogo wako ina alama ya kidole ya mtu. Vijana wa miavuli, wanaosajili laini barabarani, wanakwambia "weka tena kidole, haijasoma", kumbe wanasajili ya pili wauze. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Wakili wa Mtaani
Nimepiga. Kuna laini mbili sizijui!

Mwl. Kibondo
Mimi moja. Sasa nazifutaje?

Fundi Minara
Nenda dukani kwa kampuni yenyewe na kitambulisho. Usiende mwavulini.

Chuma cha Pua
Mama Sele, kama alilipa na bado wakaendelea, hapo nimekosea. Samahani. Ila yule mama wa unga nitambandika.

Msema Kweli
Bado sijajibiwa.

Mama Sele, Mbeya
Nimekusamehe. Namba mpya imeingia sasa hivi, safari hii wamempigia mwalimu wa darasa wa mtoto wake. Fundi, niifanyeje?

Fundi Minara
Usiifute wala usijibu. Piga picha ya skrini, tarehe na saa vionekane. Kesho asubuhi ipeleke kwa mpelelezi mwenye RB yako, mwombe aiandikie kampuni barua ya kutaka jina la aliyesajili.