Mwandishi anayetaka kuwa mwelekezi: auze mswada wake au aushikilie?

Mwandishi wa Umoja (mwenye swali)

Wapendwa, nimeandika miswada ya drama za runinga hapa Nairobi kwa miaka sita, na kwa muda huo wote sijawahi kufika kwenye seti ila kama mgeni aliyewekewa kiti pembeni na kuombwa asizungumze. Mwaka jana niliandika onyesho fupi ambalo nililipenda kuliko yote niliyowahi kuandika. Mama anapakua ugali na sukuma, anafunika sahani kwa sahani nyingine, anaiacha mezani na kuzima taa ya jikoni. Baadaye usiku anarudi, anawasha taa, na sahani bado imefunikwa. Hakukuwa na neno hata moja, kwa sababu mtoto anayewekewa chakula amekwisha kufariki, na katika nyumba nzima ni mama peke yake ambaye hajakubali.

Kipindi kilipoonyeshwa, nilimkuta mama huyo ameketi sebuleni akimweleza jirani uchungu wake kwa sentensi nne, huku muziki wa huzuni ukipigwa. Sahani haikuwepo. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba mtazamaji hangeelewa.

Sasa produsa mmoja amesoma mswada wangu wa filamu ndefu na anataka kuununua. Fedha alizozitaja zinaweza kunilipia kodi ya nyumba kwa zaidi ya mwaka. Nilipomwambia kwamba ningependa kuielekeza filamu hiyo mwenyewe, alinyamaza kidogo, kisha akasema tutazungumza. Najua kwamba Hollywood kuna waandishi wengi waliovuka na kuwa waelekezi. Ningependa kujua walivukaje hasa, na kama njia yao inaweza kumfaa mtu aliye hapa, asiye na studio wala mshahara.

Mzee wa Sinema

Dada, kisa cha sahani yako kina ndugu yake, na ndugu huyo ni mende. Mwaka 1941 Billy Wilder, akiwa bado mwandishi wa kuajiriwa katika studio ya Paramount, aliandika pamoja na Charles Brackett filamu ya Hold Back the Dawn, inayomhusu mtu aliyekwama katika hoteli duni upande wa Meksiko akingoja viza ya kuingia Marekani. Walimwandikia onyesho ambamo anamwona mende ukutani na kuanza kumhoji kama afisa wa mpakani: unakwenda wapi, na viza yako iko wapi? Wilder alijua alichokiandika, kwa kuwa yeye mwenyewe, baada ya kuikimbia Berlin Hitler alipotwaa madaraka, aliwahi kungojea viza katika mji wa Mexicali. Mwigizaji mkuu, Charles Boyer, alikataa kuzungumza na mende, mwelekezi Mitchell Leisen akakubaliana naye, na onyesho likaondolewa.

Hasira ya Wilder kwa onyesho hilo kuondolewa inasimuliwa mara nyingi, lakini hatua alizozichukua baadaye hazitajwi sana, nami naona ndizo zitakazokufaa. Alipoandika filamu ya Ball of Fire, alikaa kwenye seti ya mwelekezi wake, Howard Hawks, akimtazama anavyofanya kazi ili ajifunze. Kisha, alipopewa nafasi ya kuelekeza mwaka 1942, hakuleta hadithi iliyokuwa ikimuumiza moyoni. Alichagua kwa makusudi kichekesho chepesi, The Major and the Minor, ambacho studio ingekiuza bila shida. Double Indemnity ilikuja mwaka 1944, na The Lost Weekend, iliyompa Oscar ya uelekezi na ya uandishi kwa mpigo, ikafuata mwaka 1945.

Kabla yake alikuwepo Preston Sturges. Wakati huo studio iliajiri waandishi kwa mshahara, ikawapanga hata watano juu ya mswada mmoja, na kila walichoandika kikawa mali yake. Sturges aliiuzia Paramount mswada wa The Great McGinty kwa dola 10 tu, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayeielekeza filamu. Ilitoka mwaka 1940 na kumpa Oscar ya mswada asilia, ambayo ilikuwa ya kwanza kutolewa kwa jina hilo. Watu hupenda kukitaja kiasi hicho kama ujasiri mtupu, lakini nakuomba ukumbuke kwamba Sturges alikuwa miongoni mwa waandishi waliolipwa vizuri sana Hollywood. Angeweza kusamehe malipo ya mswada mmoja na bado akala. Wewe una kodi ya nyumba.

John Huston naye aliitumia nafasi yake ndani ya Warner Bros. Alikuwa ameandika filamu zilizofaulu, naye akapata ahadi kwamba ataruhusiwa kuelekeza. Aliichagua The Maltese Falcon, riwaya ambayo studio hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kuitengenezea filamu mara mbili, mwaka 1931 na mwaka 1936, kwa hiyo hakuna aliyeogopa kwamba ingepotea hazina kubwa. Huston alichora kila picha ambayo kamera ingepiga kabla ya siku ya kwanza. (Ndiye huyo huyo aliyekuja baadaye Uganda na Kongo kupiga The African Queen, iliyotoka mwaka 1951.) Wote watatu walikuwa na uandishi ambao studio iliutaka, nao wakadai kuelekeza wakati bado wanahitajiwa. Baada ya sahihi, mwandishi hana tena cha kuuza.

Fundi Taa

Ninamheshimu Mzee, na historia aliyoileta ni ya kweli, ila mimi nimebeba taa kwenye seti za jiji hili kwa miaka mingi na nina wasiwasi ambao sitauficha. Dada, umetueleza kwamba onyesho lako liliharibiwa, nami nakubali kwamba liliharibiwa. Lakini kuumizwa na uelekezi mbaya si sawa na kujua kuelekeza.

Nikuulize jambo moja kuhusu sahani. Swichi ya taa iko wapi? Ikiwa iko kando ya mlango, na meza iko katikati ya jikoni, mama atalazimika kuipita kamera ili aizime. Je, tutauona uso wake au mgongo? Taa ikishazimika, mtazamaji ataona nini: giza tupu, au mwanga wa taa ya barabarani unaoingia dirishani na kuishika sahani? Mwanga huo ni mimi nitakayeuweka, nami nitakuuliza saa kumi na moja alfajiri, wakati jenereta inanguruma, mwigizaji hajapata chai, na mwenye nyumba anataka tuondoke kabla ya saa nne. Usipokuwa na jibu, nitauweka nionavyo mimi, na filamu itakuwa imeelekezwa na fundi taa.

Paul Schrader alikuwa na jina kubwa kwa sababu ya mswada wa Taxi Driver alipoelekeza filamu yake ya kwanza, Blue Collar, iliyotoka mwaka 1978. Waigizaji wake wakuu watatu, Richard Pryor, Harvey Keitel na Yaphet Kotto, hawakupatana hata kidogo, na ugomvi ukafikia mahali ambapo Schrader alilia kwenye seti. Filamu ilikuwa nzuri, naye ameendelea kuelekeza hadi uzeeni, lakini hakuna ukurasa wa mswada uliokuwa umemwandaa kwa siku ile. Sikukatazi. Ninakuomba tu usiende ukidhani kwamba kazi hiyo ni kuyalinda maneno yako, kwa sababu mara nyingi mwelekezi ndiye anayepaswa kuyakata.

Wakili Msomaji

Nitasema machache kuhusu karatasi. Hapa Kenya, haki ya mswada ni yako tangu ulipouandika, na kuihamisha moja kwa moja kwa mtu mwingine kunahitaji maandishi yenye sahihi. Kwa hiyo usitie sahihi barua yoyote ya "makubaliano ya awali" kwa kudhani ni ya heshima tu. Sajili mswada huo kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kabla ya mazungumzo yajayo, upate ushahidi wa tarehe. Tena, kuuza si njia pekee. Unaweza kumpa produsa haki ya kuushikilia mswada kwa muda maalumu, kwa malipo madogo, ili atafute fedha. Muda ukiisha bila filamu kuanza, mswada unarudi kwako. Sharti la wewe kuelekeza liandikwe humo humo, pamoja na malipo utakayopata iwapo wataamua kumleta mwelekezi mwingine.

Mhariri wa South B

Mwanangu, nimehariri filamu za watu walioanza wakiwa vijana na za wengine walioanza wakiwa na mvi, kwa hiyo nitakuongezea majina mawili ya Hollywood na moja la nyumbani.

Nora Ephron alikuwa ameshaandika Silkwood na When Harry Met Sally, na alikuwa na miaka 50 filamu yake ya kwanza kama mwelekezi, This Is My Life, ilipotoka mwaka 1992. Haikuvuma sana. Iliyofuata mwaka mmoja baadaye ni Sleepless in Seattle. Lawrence Kasdan alikuwa mwandishi wa matangazo ya biashara kabla ya kuandika Raiders of the Lost Ark, na alipotaka kuelekeza Body Heat, studio ilitaka mtu mzito wa kumdhamini. George Lucas akakubali kusimama nyuma yake bila jina lake kuonekana kwenye filamu. Kwa hiyo ukirudi kwa produsa huyo, usiende na ombi pekee. Nenda na jina la mpigapicha mzoefu ambaye amekubali kufanya kazi nawe, kwa maana hofu yake ni fedha za watu wengine, na hofu hiyo ni halali.

La nyumbani ni Mugambi Nthiga. Alishirikiana na Mbithi Masya kuandika Kati Kati, ambayo Masya aliielekeza mwaka 2016, na mwaka 2019 yeye mwenyewe akaelekeza Lusala, ambayo mswada wake uliandikwa na wengine. Litafakari hilo kwa makini, kwa sababu ni kinyume cha Sturges. Mwandishi anayeelekeza mswada wa mwenzake hana la kulinda isipokuwa filamu yenyewe. Nimewahi kukaa chumba cha kuhariri na mwandishi-mwelekezi aliyetumia siku mbili akitetea sentensi moja ambayo uso wa mwigizaji ulikuwa umeshaisema.

Mwandishi wa Umoja

Nawashukuru wote, na Fundi Taa ninakushukuru zaidi, ingawa swali lako lilininyima usingizi. Jumamosi nilikwenda kwa shangazi yangu, kwenye jikoni ile ile niliyokuwa nikiifikiria nilipoandika. Swichi iko nje ya mlango, ukutani mwa korido. Kumbe mama hawezi kuzima taa huku akiitazama sahani; lazima atoke kwanza, aipe mgongo, kisha mkono wake urudi kupapasa ukuta. Nimekaa pale nikamwomba shangazi azime na kuwasha mara kadhaa, na kila mara mkono wake ulitangulia kabla ya uso. Miaka sita nimeandika "anazima taa" bila kuuona mkono huo.

Nimemwandikia produsa kwamba siuzi kwa sasa, lakini niko tayari aushikilie mswada kwa miezi sita kwa masharti ambayo Wakili ameyataja. Katika muda huo nitapiga onyesho la sahani kama filamu fupi ya dakika nne, jikoni kwa shangazi, kwa kamera ya kuazima. Taa ya barabarani ipo na inaingia dirishani. Sina mtu wa sauti bado, na friji ya shangazi ina mngurumo ambao utasikika katika kila sekunde ya ukimya. Anayejua la kufanya, au aliye na kinasa sauti na usiku mmoja wa nafasi, naomba aniandikie hapa.