Dada mkubwa kila akiulizwa anasema "chochote tu". Nimnunulie nini?

mdogo_mtu: Wadau, naombeni ushauri. Dada yangu anatimiza miaka 40. Nawaza pete au manukato, ila saizi ya kidole siijui na sitaki zawadi iishie kabatini.

sonara_mkongwe: Pete inawezekana ukipima vizuri. Chukua pete anayoivaa kidole kilekile unachokikusudia, ilaze juu ya rula, usome upana wa tundu kwa milimita. Pima ndani, ukipima nje unene wa pete utakudanganya. Ukipata 17, zidisha kwa 3.14: mzunguko ni kama milimita 53. Hiyo ndiyo namba ya kumpa sonara. Usichukue ya mkono wa kushoto kwa ajili ya kidole cha kulia, maana mkono unaotumika zaidi huwa na vidole vinene kidogo. Pete pana, milimita 6 kwenda juu, hubana kuliko nyembamba, hivyo mwambie sonara aongeze nusu saizi. Halafu iepuke iliyozungushiwa vito pande zote, kwani kuipanua baadaye ni kazi ngumu mno. Ya duara tupu hurekebishika.

mama_wawili: Manukato mapya ni bahati nasibu. Kama chupa yake inakaribia kuisha, mnunulie ileile, na usome hadi maandishi madogo: jina moja huuzwa kama Eau de Toilette (mchanganyiko mwepesi) na kama Eau de Parfum (mzito zaidi), na harufu huweza kutofautiana.

msomaji_makini: Swali "unataka nini" ni pana mno, ndiyo maana jibu ni "chochote". Mpe vitu viwili achague. Bora zaidi, angalia kilichochakaa anachokishona tena na tena au anachoazima kila mara. Mnunuzi huwaza uso wa mtu akifungua boksi. Mpokeaji anabaki kukitumia kitu mwaka mzima. Akishataja kitu, nunua hichohicho. Kumshtukiza si lazima.

mdogo_mtu: Asanteni sana. Tatizo, anavaa pete moja tu na haivui kamwe.

sonara_mkongwe: Basi hamia kwenye mkufu, ndugu yangu. Wa sentimita 45 kwa wengi hukaa karibu na mitulinga, ile mifupa chini ya shingo, wa 50 hushuka kidogo. Chagua wenye vipete vya ziada mwishoni mwa mnyororo ili aurefushe mwenyewe. Tazama rangi ya madini anayovaa kila siku, fedha au dhahabu, uifuate. Fedha halisi huwa na muhuri wa 925, dhahabu ya karati 18 ina 750. Mapambo ya bei rahisi mara nyingi yana madini ya nikeli, na nikeli huwawasha watu wengi shingoni.

mama_wawili: Risiti itunze. Uliza pia siku za kubadilisha bidhaa zinahesabiwa kuanzia lini, kwani kwa kawaida ni tangu siku ya kununua. Ukinunua mapema mno, zitakuwa zimekwisha kabla dada hajafungua boksi.