Nimeokoka miaka tisa sasa lakini sijui naishi kwa ajili ya nini

mtunza_stoo

Wakuu habari zenu. Naombeni mnisome mpaka mwisho na msinijibu harakaharaka maana majibu ya haraka nimeshayapata mengi.

Niliokoka miaka tisa iliyopita na imani sijaiacha, jumapili nipo, nimeimba kwaya, nimekaa kamati ya ujenzi, sa hivi nafundisha watoto shule ya jumapili. Mwaka ule ule niliookoka tulikuwa na semina ya vijana, mhubiri akasema kila mtu ana kusudi aliloumbiwa na usipoligundua utakufa umeishi maisha ya mwenzako. Ile kauli iliniingia mpaka kwenye mifupa. Nikanunua daftari, nikaandika juu kwa wino mwekundu KUSUDI LANGU, nikapiga mstari, nikafunga siku tatu. Daftari ninalo mpaka leo na ule ukurasa una maneno mawili na mstari basi. Nimeombewa sana tu, kuna mtumishi alinitabiria kwamba nitahudumu kwa mataifa, mwingine akaona biashara kubwa, hayajaja mataifa wala biashara, mi natunza stoo, nahesabu maboksi naingiza kwenye kompyuta nafunga mlango narudi nyumbani.

Nina miaka 36. Usiku naamka saa tisa naangalia dari mpaka kunakucha. Sitaki kujidhuru, msije mkaogopa, ila najiuliza hivi ndo yenyewe hii? Mungu kanificha au mi ndo kiziwi?

Mpenyo_Wako

Yeremia 29:11 mtumishi!! Anakuwazia mema. Usikate tamaa sasa hivi, mlango wako unafunguka kabla mwaka haujaisha, sema amina

msomaji_wa_pembeni

Amina, ila mkuu hapo juu naomba nikukatishe kidogo, huo mstari tumeuzoea kuuchomoa peke yake kama kadi ya pongezi. Ile ni barua. Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka wakapelekwa Babeli, na mstari unaoutangulia, wa 10, unataja miaka 70. Piga hesabu, watu wazima wengi waliosomewa ile barua walizikwa hukohuko ugenini. Sasa hao nao waliambiwa wafanye nini? Rudi mstari wa 5 mpaka wa 7: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni mzae, na huo mji mliohamishiwa utakieni amani muuombee. Hamna hata mmoja aliyepewa bahasha yake ya siri.

Alafu mtunza stoo soma na wa 8, anawaonya wasidanganywe na manabii walio katikati yao. Sura ya nyuma, ya 28, kuna nabii anaitwa Hanania, yeye alikuwa anawaambia watu ndani ya miaka miwili mambo yote yamerudi sawa. Watu wampende nani, wa miaka miwili au wa miaka 70? Kwa hiyo yale ya mlango kufunguka kabla mwaka haujaisha mi huwa nayasikiliza na Hanania kichwani, samahani kama nimemkwaza mtu.

bila_dini

Mi siamini ila nimesoma, maana hilo la kuamka saa tisa nalijua. Swali langu ni moja. Kama jibu lenyewe ni jenga nyumba, panda bustani, ishi vizuri na watu, hayo mbona nayafanya na Mungu simjui? Yeye anaongeza nini hapo? Nauliza kwa wema kabisa, sijaja kufanya fujo.

mama_wawili

@bila_dini umeuliza vizuri, nitajibu ya kwangu tu siwezi kuwajibia wote. Nilimuuguza mama miaka sita baada ya kiharusi. Mtu asiyeweza kujigeuza unamgeuza kila baada ya masaa mawili asije akapata vidonda, usiku na mchana, unaweka alamu, unaamka, unamvuta shuka, unaweka mto mgongoni, na asubuhi hakuna anayejua uliamka mara nne. Mama mwenyewe mwishoni alikuwa hanijui. Watu wasio na imani wanaifanya hiyo kazi na wengine wananizidi, sibishi. Mimi kilichonibeba ni kwamba niliamini kuna anayeona. Kazi haikupungua hata kidogo.

Na kuna kitu kwenye Mathayo 25 kinanishangaza kila nikisoma. Wale waliowekwa kuume wakisifiwa kwamba walimlisha na kumtembelea, wao wenyewe wanauliza ni lini tulifanya hivyo?! Hawakuwa na habari. Walikuwa ndani ya jambo lenyewe na daftari hawana.

@mtunza_stoo mdogo wangu, lingine, kuamka saa tisa kila siku siyo la kufungia maombi peke yake. Eliya alikaa chini ya mti akaomba afe, 1 Wafalme 19, malaika alipokuja hakumhubiria, alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena. Kuna daktari, nenda. Na hebu acha kufunga kwa muda.

mtunza_stoo

Nimewasoma wote, kwa daktari nitaenda dada, nimekuwa naahirisha.

Ilo la Mathayo limenikalisha. Kuna mtoto darasani kwangu mama yake anachelewa sana kumfuata, wenzake wakishaondoka tunabaki wawili, anapenda tuhesabu viti, akikosea anarudia kuanzia mwanzo na mi lazima nirudie naye, wakati mwingine saa nzima. Nilikuwa naiona kama adhabu. Jumapili iliyopita nilisafiri, nikaambiwa alikataa kukaa na mwalimu mwingine.

Ila sitawadanganya, bado nilitaka liwe kubwa. Inauma kidogo.

@bila_dini na wewe saa tisa ukiamka huwa unafanya nini?

bila_dini

Naosha vyombo.